Mbona Tatuu Yangu Imegeuka Bluu?

Swali: Daktari, nilichorwa tatuu mkononi nikiwa Tunduma: jina kwa wino mweusi na ua jekundu. Sasa jina linaelekea bluu na ua limepauka. Nilipigwa? – Msomaji, Msangano

Jibu: Si lazima. Wino hukaa chini ya ngozi ya juu, umemezwa na seli za kinga. Seli zikifa huutema, na nyingine huumeza. Watafiti wa Marseille, Ufaransa, walilionyesha hilo kwa panya mwaka 2018. Katika kupokezana huko chembe nyingine za wino hupotelea kwenye tezi za limfu, na mistari hutanuka.

Bluu ni mambo ya mwanga tu: weusi ulio ndani, ukitazamwa kupitia ngozi, huonekana hivyo. Ua ndilo lililoliwa na jua. Nyekundu nyingi ni rangi za viwandani ambazo miale huzivunja, hasa kwa anayeshinda shambani mikono wazi. Mkaa, ambao mara nyingi ndio weusi wa wino, hauvunjiki hivyo. Chale za Wamakonde, zilizopakwa unga wa mkaa, ziliwakaa usoni hadi uzeeni.

Ukitaka kurudishia rangi, dai sindano mpya ifunguliwe mbele yako. Homa ya ini hupitia hapo.