Tyuna ya kubana: ipi itadumu?

*Ndugu mtaalamu, napiga gitaa kwenye kwaya hapa Karambi. Tyuna niliyonunua Bwera imevunjika shingo upesi. Hata ilipokuwa nzima, sindano ilirukaruka ngoma zikianza. Ninunue ipi?*
*Mpiga gitaa, Kasese*

Pole, ndugu yangu. Kurukaruka kwa sindano si lazima kuwe ubovu. Tyuna ya kubana husoma mtetemo wa mbao, si sauti ya hewani, ndiyo maana makelele ya watu hayaisumbui sana. Lakini ngoma kubwa ikilia karibu, gitaa lenyewe hutikisika. Sogea pembeni, piga uzi mmoja taratibu, nyingine zizuie kwa kiganja.

Dukani, usidanganywe na kioo chenye rangi nyingi, tazama kiungo. Shingo nyembamba ya plastiki ndiyo huvunjika kwanza. Chagua yenye bawaba fupi na pana na mpira mdomoni, uifungue na kuifunga mara kadhaa kabla ya kulipa. Na usiiache imebanwa gitaa likiingia kwenye mfuko wake!

Kuhusu usahihi, tafuta iliyoandikwa ±1 senti au chini ya hapo. Senti ni sehemu ya mia ya nusu toni. Hakikisha imewekwa Hz 440, kwani kitufe kikiguswa inaweza kuhamia 438 na wewe ukalaumu nyuzi. Kioo kikififia, badilisha betri, mara nyingi ni CR2032.

Ukityuni vizuri na bado gitaa linateleza baada ya wimbo mmoja, badilisha nyuzi kuukuu. Lisipotulia, mpelekee fundi akague vigingi; tyuna mpya haitakusaidia.