Ngitili: Kurejesha Uoto wa Asili Usukumani

Likitokea swali la uhifadhi wa uoto, watahiniwa wengi huandika "kupanda miti" na kuhamia swali linalofuata. Jibu hilo halitoshi kwa anayejua yaliyotokea Bariadi, Maswa na Meatu, wilaya zilizokuwa mkoani Shinyanga kabla ya Mkoa wa Simiyu kuanzishwa mwaka 2012.

Uoto wa asili wa eneo hilo ulikuwa miombo na migunga. Wakati wa ukoloni vichaka vilifyekwa ili kuangamiza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba, ukataji wa kuni na wingi wa mifugo vikamaliza sehemu kubwa ya uliosalia. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, nao wakaziacha ngitili zao. Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga wakati wa mvua, ng'ombe wasiingie, kisha hulifungua kiangazi nyasi zinapokwisha kwingineko.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI). Mwanzoni mkazo uliwekwa kwenye vitalu vya miche, mingi ikiwa ya kigeni. Mafanikio makubwa yalikuja mradi ulipoigeukia ngitili. Sababu yake ndiyo yenye alama nyingi: visiki na mizizi ya miti iliyokatwa ilikuwa bado hai ardhini, hivyo eneo lilipofungwa machipukizi yalikua bila kumwagiliwa. Mche wa kitaluni hudai maji, na kiangazi cha Simiyu maji ni shida hata kwa watu. Ngitili zilizokadiriwa kuwa hekta 600 hivi mwaka 1986 zilizidi hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Faida zake ni malisho, kuni za karibu, nguzo za kujengea, dawa, asali na ukwaju. Ulinzi ulitegemea sheria za kijadi zilizopitishwa katika mikutano ya dagashida na kusimamiwa na sungusungu. Taja pia kasoro: ngitili kubwa za binafsi huwa mikononi mwa wenye mifugo mingi, na maskini hufaidi kidogo.

Zoezi. Kijiji kimoja wilayani Bariadi kina eneo la malisho lililochakaa, lenye visiki hai. Fedha iliyopo inatosha ama kununua miche ya kigeni, ama kuwalipa walinzi wa eneo hilo. Kishauri kijiji hicho kwa hoja nne. (Alama 15)