Dondoo muhimu: Jenereta ya Deira, soma kibati kwanza
Anayenunua jenereta ndogo Deira, Dubai, iwe ya kupigia kambi jangwani Al Qudra au ya kupeleka Mombasa kwa siku za kukatika umeme, aamue kwa kibati kilichopigiliwa kwenye mashine, si kwa tarakimu kubwa ya stika. Stika hutangaza nguvu ya juu kabisa, ambayo mashine huihimili kwa muda mfupi tu. Kinachokuhusu ni wati za kudumu. Ikiandikwa kVA 2.5 na kipengele cha nguvu 0.8, hizo ni wati 2,000, basi. Friji ya wati 150 huweza kudai mara tatu au zaidi kompresa inapoanza kuzunguka, kwa hiyo hesabu ianzie hapo. Tazama na hezi: Imarati, Kenya na Tanzania ni 50, Saudia ni 60.

Wapo watakaosema chukua kubwa, usijute. Lakini jenereta kubwa inayowasha taa mbili na feni hula petroli bure, na nani ataibeba mchangani? Kambini, ya inverta ya wati 1,000 inatosha: mzigo ukipungua, injini hupunguza mwendo na kelele. Hoja nzito zaidi ni ya betri, isiyo na moshi. Kweli, na kwa anayeishi ghorofani Dubai ndiyo ya kununua, maana kaboni monoksaidi haina harufu, na kuiweka jenereta kwenye roshani hakuizuii kuingia chumbani. Ila betri ikiisha na umeme haujarudi, itachajiwa na nini? Nyumba ya Mombasa yenye uwanja bado inahitaji injini.