Andika 1.5, Si 1½: Jinsi Kompyuta Inavyosoma Nusu

Mkazi wa Nyali anayejaza fomu ya ardhi kwenye simu huenda akaandika ukubwa wa kiwanja chake hivi: eka 1½. Wewe unasoma moja na nusu. Je, kompyuta inasoma nini?

Kompyuta huhifadhi kila alama kwa namba yake. Katika Unicode, orodha ya kimataifa ya alama za maandishi, tarakimu 1 ni namba 49, ½ ni 189, na ⅛, ambayo wengi huitumia kwa ploti ya futi 50 kwa 100, ni 8539. Kwa hivyo ½ ni alama moja, ilhali 1/2 ni alama tatu.

Tatizo huanza maandishi yanapohamishwa. Baadhi ya programu huivunja ½ kuwa 1/2. Hapo 1½ hugeuka 11/2, yaani kumi na moja gawanya kwa mbili: eka 5.5! Programu inayokosea msimbo huonyesha Â½, na simu isiyo na alama hiyo huonyesha kisanduku kitupu.

Fanya hivi:

• Tumia desimali: 0.5, 1.5 au 0.125.

• Panapo nafasi, rudia kwa maneno: eka moja na nusu.

• Linganisha na hatimiliki. Ikiwa imeandikwa kwa hekta, kumbuka eka 1.5 ni takriban hekta 0.607.

Ukiona namba imebadilika kwenye nakala uliyopewa, omba irekebishwe kabla hujatia sahihi.