Kuunganisha si Kuunda

Leo sina hadithi ya sungura wala ya fisi. Nina somo nililolipata kwa aibu, na kwa kuwa mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, siombi kuhurumiwa.

Wengi wenu mlikuwapo siku chama chetu kilipofanya mjadala kuhusu mbegu zilizobadilishwa jeni. Mwenzetu wa kidato cha kwanza alisimama akasema kwamba jenomu huundwa na kompyuta, na kwamba hata njahi tunazokula sasa zimeundwa na kompyuta Nairobi. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwalimu wa Bayolojia alimsahihisha kwa upole, lakini yule mtoto aliketi akainamisha kichwa. Mimi pia nilicheka.

Jioni tuliongozana kwenda nyumbani, si mnajua sisi wa shule ya kutwa. Nikamwuliza maneno yale aliyatoa wapi. "Kaka, niliyasoma kwenye kamusi elezo ya mtandaoni," akajibu. Alinitajia makala yenyewe. Lo! Miguu iliniisha nguvu. Makala hayo niliyaandika mimi, likizo ya Agosti, kwa simu ya mama. Niliyatafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza, nikamaliza kabla ya chakula cha jioni, nikajiona msomi. Sentensi yangu ya kwanza ilisema: "Programu hii huunda jenomu ya kiumbe."

Kesho yake nilimwendea mwalimu nikaungama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulielewa ulichokiandika?" Nilinyamaza. Basi tukaanza upya, na haya ndiyo niliyojifunza.

Jenomu ni maandishi yote ya DNA ya kiumbe. Herufi zake ni nne tu: A, C, G na T. Jenomu ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Mashine za kusoma DNA haziwezi kuisoma yote kwa mara moja, hivyo husoma vipande. Nyingine husoma vipande vifupi vya herufi kama 150, nyingine husoma virefu vya maelfu ya herufi. Kazi ya programu ni kuvipanga vipande hivyo mpaka maandishi ya asili yaonekane. Haiumbi kitu. Njahi ilikuwa na jenomu yake kabla ya kompyuta kuwapo.

Hebu tazama mfano. Tuna vipande vitatu: KANJAHI, MAMAANAPI na ANAPIKANJ. Kipande cha pili kinaishia na ANAPI, na cha tatu kinaanza na ANAPI. Cha tatu kinaishia na KANJ, na cha kwanza kinaanza na KANJ. Viunganishe, utapata MAMAANAPIKANJAHI. Ni rahisi, sivyo?

Ugumu unakuja maneno yanapojirudia. Tuseme maandishi ni ALIKUJAPOLEPOLEPOLEPOLENYUMBANI, nawe una vipande vya herufi nane nane. Vingi vitasema POLEPOLE tu. Je, "pole" ziko nne, sita au kumi? Ni vigumu kujua. Lakini ukipata kipande kirefu kinachoanzia ALIKUJA na kuishia NYUMBANI, utazihesabu bila shida. DNA imejaa "polepole" za namna hii, na ndiyo sababu vipande virefu vina thamani kubwa.

Baada ya kuelewa, nilirudi kwenye makala nikarekebisha mambo manne.

Kwanza, kitenzi. Niliondoa "huunda" nikaweka "huunganisha vipande vilivyosomwa". Neno moja tu, lakini ndilo lililomchekesha mwenzetu mbele ya watu.

Pili, majina ya programu. Nilikuwa nimeyarundika pamoja kama viazi guniani. Sasa nimeyapanga kwa kazi zake. Velvet ya mwaka 2008 na SPAdes ya mwaka 2012 zilianza kama programu za vipande vifupi. Flye, iliyoelezwa katika jarida la kisayansi mwaka 2019, ni ya vipande virefu.

Tatu, miaka. Nilikuwa nimeandika kwamba jenomu ya binadamu ilikamilika mwaka 2003. Mradi ulitangazwa kumalizika mwaka huo, ni kweli, lakini sehemu ipatayo asilimia 8 ilibaki mapengo, hasa penye herufi zinazojirudia. Mapengo hayo yalizibwa katika kazi iliyochapishwa mwaka 2022, kwa msaada wa vipande virefu. Nimeandika miaka yote miwili na kilichofanyika katika kila mmoja.

Nne, sifa. "Programu bora kabisa duniani" nimeifuta. Nani aliyezipima zote? Kila dai sasa lina ushahidi wake pembeni, na lisilo na ushahidi limeondoka.

Mwisho nikaongeza habari ya njahi, maana mwenzetu hakukosea yote. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa taasisi ya ILRI iliyoko Nairobi, walichapisha jenomu ya njahi ikiwa imepangwa katika kromosomu zake 11. Waliisoma na kuiunganisha. Hawakuiunda.

Nilipomaliza, nilimpelekea yule mtoto asome kabla ya mtu mwingine. Alisoma polepole, kisha akauliza, "Kaka, na programu ikikosea kuunganisha, nani atajua?" Swali hilo sikulitarajia. Nilirudi kwa mwalimu, tukasoma tena, nikaongeza aya moja: kwamba watafiti huvirudisha vipande juu ya jenomu iliyounganishwa, na mahali visipokubaliana nayo huenda pana kosa. Aya hiyo ni ya swali lake.

Tangu siku ya mjadala hajarudi chamani. Nimemwomba arudi Ijumaa ijayo, naye amesema atafikiri. Enyi wenzangu mliocheka pamoja nami, mkimwona mlangoni, mpisheni akae mbele. Aliyestahili kuchekwa siku ile ni mimi.