Mfuko wa Karo na Kijana Anayetaka Chuo Mapema



Juzi tulikaa na kikundi kimoja cha akina mama hapa Utange wakigawa pesa za mfuko wa karo. Mama mmoja akasema kijana wake ana miaka 16, anashinda nyumbani, na anataka kujifunza kuchomelea vyuma. Akajibiwa, "Mfuko ni wa watoto wa sekondari, mama." Akanyamaza. Na sisi wageni tukanyamaza, jambo ambalo limetusumbua tangu siku hiyo. Ndiyo sababu ya somo hili.

Tumezoea njia moja tu: msingi, sekondari, halafu chuo. Anayekatika katikati tunasema shule imemshinda. Lakini kuanza chuo mapema si jambo geni. Huko Marekani, mwaka 1966, kilianza chuo cha Simon's Rock, jimbo la Massachusetts, cha kupokea vijana wa miaka 16 hivi kabla hawajamaliza sekondari. Mwaka huohuo hapa Kenya baraza la makanisa lilitoa ripoti iliyouliza: baada ya shule, nini? Waliomaliza msingi walikuwa wengi na nafasi za sekondari chache. Hapo ndipo vilipozaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini, ambavyo wazee bado huviita "vilej politekniki". Tofauti ni kwamba kule huingia wanaohesabiwa kuwa hodari; huku tukavifanya mahali pa "waliofeli". Aibu hiyo tuliiweka sisi wenyewe, na kanisani tuliisema vilevile.

Ufundi nao una ngazi zake. Kijana huingia chuo cha ufundi cha kaunti bila cheti cha sekondari, akasomea useremala, umeme, ushonaji au umekanika. Akiiva hufanya mtihani wa NITA: Gredi ya 3 ni ya kuanzia, kisha 2, na 1 ndiyo ya juu. Hata aliyefunzwa na fundi wa jua kali chini ya mwembe anaweza kuufanya. Katika kozi mpya za umahiri hesabu inakwenda kinyume (msichanganye!): Ngazi ya 4, ya 5, halafu ya 6 ambayo ni diploma. Aliyefaulu ya 5 anaweza kuomba ya 6 hata kama hakupata C- katika KCSE.

Hatusemi mtoto atolewe sekondari. Anayetaka ualimu au uuguzi anahitaji alama za KCSE. Wala kijana asisukumwe kwenye ufundi asioupenda kwa kuwa tu karo yake ni nafuu.

Tena muwe macho. Jamaa mmoja tunayemjua aliuza mbuzi wawili akamlipia mtoto chuo cha binafsi. Mwaka ulipokwisha mtoto akapewa karatasi nzuri yenye muhuri, lakini hakukuwa na mtihani wowote wa Serikali. Mwajiri aliitazama, akairudisha. Basi kabla ya kutoa hata shilingi, ulizeni: Chuo kimesajiliwa na TVETA? Mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Na mbao, vitambaa, nyaya za kufanyia mazoezi hununuliwa na nani? Hapo ndipo wazazi wengi hukwama, karo ikiwa tayari imelipwa.

Mkikuta karakana haina mashine, kumbukeni Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya vijijini chini ya kaunti. Mwoneni mwakilishi wa wadi. Msizunguke kwa mbunge.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

Sheria ya mfuko wetu inasema "sekondari" au "masomo"? Nani aliiandika hivyo?

Vijana wangapi wa wanachama wako nyumbani sasa, na kila mmoja anataka kujifunza nini? (Waulizeni wenyewe, msiwajibie.)

Nani atakwenda kukiona chuo kilicho karibu kabla ya mkutano ujao, na nauli yake itatoka wapi?