Inchi Moja ya Mtutu Ina Thamani Gani?

Msimu wa uwindaji ukikaribia, bunduki hutolewa kabatini na maswali huanza kumiminika. Safari hii karibu yote yanahusu bunduki za magnum, zile zenye ganda kubwa na baruti nyingi, na urefu wa mitutu yake. Nimechagua yale yanayowagusa wengi katika vitalu vyetu vya Tanzania.

Fundi, shikamoo. Nina .375 H&H yenye mtutu wa inchi 25, na kwenye vichaka vya mtoni inanasa kila hatua. Nikiipunguza hadi inchi 22, nitapoteza kasi kiasi gani?

Marahaba. Utapoteza, ila si kwa kiasi unachohofia. Holland & Holland wa London waliitoa .375 mwaka 1912, na hapa kwetu ndiyo kaliba ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa nyati, ndiyo maana haikosekani kambini. Kichwa chake cha kawaida kina uzito wa greni 300, yaani gramu 19 na nusu hivi, nacho hutoka kwa kasi ya mita 770 kwa sekunde. Katika kaliba hii, kila inchi unayoiondoa kati ya 26 na 20 hupunguza mita tano hadi saba kwa sekunde.

Tuseme inchi zako tatu zimekugharimu mita 20. Kichwa kitatoka kwa mita 750, na nguvu yake itashuka kutoka jouli 5,750 hadi kama 5,450. Kwa nyati aliyesimama hatua 50 mbele yako, tofauti hiyo haina uzito wowote ukiilinganisha na faida ya kuinua bunduki kwa wakati bila kukwama kwenye matawi.

Usiikate mwenyewe, tafadhali. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye leseni, na kibali kiwe mkononi. Mdomo wa mtutu ukienda upande hata kwa unene wa unywele, gesi huchomoka upande mmoja kabla ya mwingine na kukisukuma kichwa cha risasi kando. Kilengeo cha mbele nacho lazima kihamishwe, halafu bunduki ilengeshwe upya kuanzia mwanzo.

Kwani urefu wa mtutu unaongezaje kasi? Si baruti ndiyo inayosukuma?

Ndiyo, lakini baruti huhitaji nafasi ya kusukumia. Fataki ikishapasuka, baruti huwaka na kuwa gesi, na kichwa kikiwa kimesogea inchi mbili au tatu tu, shinikizo limeshafika kileleni. Kwa magnum nyingi kilele hicho kinakaribia bar 4,000. Tairi la Land Cruiser lina bar mbili na nusu hivi, kwa hiyo unaweza kukisia chuma cha chemba kinabeba nini.

Baada ya kilele, shinikizo huporomoka haraka kwa sababu kila kichwa kinavyosonga mbele, gesi hupata nafasi zaidi ya kutanuka. Bado inasukuma, lakini kwa nguvu inayofifia. Kichwa kikifika nusu ya mtutu kimeshapata karibu robo tatu ya kasi yake yote, na inchi za mwisho huongeza kidogo kidogo. Safari yote hiyo, kutoka chemba hadi mdomoni, huchukua sehemu moja ya elfu ya sekunde na ushee.

Wengine huniuliza kama mtutu mrefu mno unaweza kupunguza kasi. Kwa .22 ndogo, ndiyo, kwa kuwa baruti yake ni chache na gesi huishiwa nguvu mapema. Kwa magnum, hakuna mtutu wa kuwindia unaofika huko.

Mwenzangu ana .300 Winchester Magnum. Alipunguza mtutu kutoka inchi 26 hadi 22 na anasema amepoteza zaidi ya mita 30. Mbona wewe unasema hasara ni ndogo? Zote si magnum?

Zote ni magnum, na hapa ndipo penye kiini cha mambo. Fanya jaribio moja dogo mezani. Chukua ganda la .300 lililokwisha kupigwa, uache fataki iliyokufa mahali pake ili kuziba tundu, kisha lijaze maji kwa bomba la sindano la dukani. Litapokea takriban mililita sita. Fanya hivyo kwa ganda la .375 na kwa lile la .458 Winchester Magnum. Nayo yatapokea sita na kidogo tu.

Kwa hiyo chumba cha kuchomea baruti kinakaribiana katika zote tatu. Kinachotofautiana ni upana wa mtutu. Kila inchi ya mtutu wa .300 ina nafasi ya mililita 1.2. Katika .375 ni 1.8, na katika .458 ni 2.7. Ukiwa na mtutu wa inchi 24, gesi ya .300 hutanuka mara tano na kidogo kabla kichwa hakijatoka. Ile ya .375 hutanuka kama mara saba, na ya .458 mara kumi au zaidi.

Gesi iliyotanuka mara kumi imeshatoa sehemu kubwa ya kazi yake. Iliyotanuka mara tano ina nguvu nyingi bado, nayo hutoka nayo mdomoni, na ndiyo ule mwali na mshindo unaouona kwenye .300 yenye mtutu mfupi. Ndiyo maana mwenzako alipoteza mita saba hadi tisa kwa kila inchi. Hesabu yake ni sahihi na yangu ni sahihi.

Kama anawinda choroa kwenye mbuga za wazi, mita 250 au 300, ningemshauri abaki na inchi 24 au 26. Si kwa ajili ya kushuka kwa risasi, maana akiwa amelengesha kwa mita 200, hasara yake humshushia sentimita mbili hivi tu kwenye mita 300. Ni kwa sababu kichwa cha kutanuka kinahitaji kasi ili kifunguke mwilini, na kasi hiyo ndiyo huanza kupungua pale mbali.

Wazee huwa wanailaumu sana .458. Je, ni mtutu mfupi uliowaponza?

Mtutu ulisingiziwa kwa sehemu kubwa. Winchester waliitoa mwaka 1956 wakitangaza kichwa cha greni 500 kwa futi 2,130 kwa sekunde, karibu mita 650. Hiyo ilipimwa kwenye mtutu wa inchi 26 wa maabara, na bunduki zilizouzwa zilikuwa na mitutu mifupi zaidi. Lakini umeona hesabu ya hapo juu: .458 ndiyo isiyojali sana kupunguziwa mtutu.

Tatizo kubwa lilikuwa ndani ya ganda. Ganda ni fupi na kichwa ni kirefu, hivyo baruti ilishindiliwa kwa nguvu ili ienee. Risasi zikikaa muda mrefu, hasa kwenye joto letu, baruti hiyo ilishikamana ikawa bonge na haikuungua yote. Kasi ilishuka sana, na mwindaji hakujua hadi alipokuwa mbele ya mnyama. Jack Lott, Mmarekani aliyejeruhiwa vibaya na nyati Msumbiji mwaka 1959, alikuja na jibu lake mwaka 1971: ganda refu zaidi, .458 Lott, ambalo baruti hukaa ndani yake bila kubanwa namna ile. Baruti za .458 nazo zimeboreshwa tangu wakati huo, na risasi mpya ninaziamini. Boksi la zamani la kurithi, ambalo limepitia joto la stoo miaka na miaka, silipeleki porini.

Nikiwa na mtutu mfupi nitumie baruti inayowaka haraka?

Hapana. Kwa kawaida baruti iliyotoa kasi kubwa kwenye mtutu mrefu ndiyo itakayotoa kasi kubwa kwenye mfupi.

Boksi la risasi limeandikwa mita 900. Bunduki yangu ya inchi 24 inatoa 870. Nimeuziwa mtutu mbovu?

Sidhani. Niliwahi kupima bunduki mbili za .300 za aina moja siku moja, kwa risasi za boksi moja. Ile yenye mtutu mfupi kwa inchi moja ilikuwa na kasi zaidi. Mtutu mmoja una tundu lililobana kidogo, mwingine una chemba iliyolegea, na tofauti ya mita 15 kati ya mitutu ya urefu uleule ni jambo la kawaida. Weka kipima kasi hatua nne au tano kutoka mdomoni ili mshindo usikidanganye, piga risasi kumi, na utumie wastani wake. Namba ya boksi iache kwenye boksi.

Shikamoo mzee. Mimi ni mfuata nyayo. Mteja wetu alikuja na magnum fupi yenye kifaa cha matundu mdomoni. Alipofyatua nilikuwa pembeni yake, na masikio yalivuma siku mbili.

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako imenisikitisha kuliko zote. Kifaa hicho hupunguza teke kwa kuelekeza gesi pembeni, yaani kwako. Mtutu mfupi nao huachia gesi hiyo ikiwa bado na nguvu. Bunduki ya magnum hupita desibeli 160, na mlio wa ghafla wa 140 tayari unaweza kuharibu sikio. Kuvuma kwa siku mbili ni jeraha. Nenda ukapimwe, maana vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na kazi yako inategemea kusikia tawi likivunjika.

Simama nyuma ya bega la mpigaji, kamwe usiwe sambamba na mdomo wa bunduki. Vaa viziba masikio vya sponji, havigharimu kitu kikubwa. Kifaa kile hufunguka kwa kuzungushwa, lakini kikitolewa risasi hubadili mahali inapopiga, kwa hiyo mteja lazima alengeshe upya siku ya kwanza kambini. Mwambie hivyo mwindaji bingwa wenu mkiwa bado kambini, kabla gari halijaondoka.